Kikande gani huyu? Pa kuanzia ukikwama kati ya wawili wanaofanana

Ukisikia watu wanabishana kuhusu kikande, mara nyingi ubishi umeanzia kwenye rangi. Mmoja anasema huyu ana madoa, mwingine anasema mbona yule wa jana alikuwa wa kahawia tupu, na unakuta wote wanamsema samaki wa aina ileile. Hawa samaki wanabadilisha rangi wakiwa hai, anapauka akitulia kwenye majani ya bahari alafu anakolea akihamia kwenye mwamba, na akishakufa akalala kwenye barafu masaa kadhaa ndo rangi inaondoka kabisa. Kwahiyo ukianza na rangi utazunguka palepale. Anza na vitu ambavyo haviondoki: mwiba wa mgongoni, mapezi, shina la mkia (pale panapobana kabla mkia haujaanza), na umbo la mkia wenyewe. Rangi iwe ya mwisho, ya kuthibitisha tu.

Humu naongelea hasa wale wa ngozi ya kukwaruza, ukoo wa Monacanthidae, duniani wapo zaidi ya spishi mia moja na bahari yetu ina wa kutosha. Nitawaita kikande msasa, ili tusiwachanganye na kikande wa magamba ambao ni ukoo wa Balistidae. Pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, wote utaambiwa kikande na muuzaji hajakosea, ni ndugu wa karibu.

"Sijui hata kama ni msasa au ni wa magamba"

Hili ndo la kwanza kulimaliza, na ni rahisi ukiwa na samaki mkononi. Wote ni bapa, wote mdomo mdogo, macho yako juu kabisa, na wote wana mwiba. Hesabu miiba. Kikande wa magamba ana mitatu mgongoni, wa kwanza mnene, wa pili ndo kufuli ya ule wa kwanza, na wa tatu mara nyingi mdogo. Kikande msasa unamuona na mmoja tu, mrefu, umekaa juu ya jicho au nyuma yake kidogo, na kama kuna wa pili basi ni kipande kidogo sana kimejificha nyuma ya shina la ule mrefu, unaweza kukipapasa usikione.

Alafu pitisha kidole ubavuni kutoka mkiani kwenda kichwani. Wa magamba utaona magamba yake kwa macho, yamepangana vizuri. Msasa huoni gamba, unasikia tu ngozi inakwaruza, manake magamba yake ni madogo mno na kila moja lina vijimwiba. Wapo ambao ngozi ni laini kiasi, kwahiyo kidole peke yake kisikupe jibu, rudi kwenye miiba. Na kama samaki amekufa na bado una wasiwasi, fungua mdomo uhesabu meno ya mstari wa nje taya la juu: wa magamba 8, msasa 6.

"Nautafuta mwiba siuoni"

Sababu zipo tatu na kila moja ina dawa yake. Kwanza mwiba umelala. Jamii ya Cantherhines wana mfereji mgongoni, mwiba ukilala unaingia mle unapotea, kwenye picha huoni kitu. Akiwa amekufa ingiza ukucha kwenye ncha ya mwiba uuinue taratibu kuelekea mbele, na ukishasimama ukagoma kushuka usiulazimishe, kandamiza hicho kijimwiba kidogo cha nyuma yake, utaachia wenyewe. Akiwa hai muache, subiri ashtuke, atauinua mwenyewe.

Pili, umevunjika. Hii inawakuta sana wale warefu wa jamii ya Aluterus, mwiba wao ni mwembamba na dhaifu, akitoka kwenye nyavu unakuta kimebaki kisiki. Papasa juu ya macho, kisiki utakisikia.

Tatu, hana mwiba kabisa kwa sababu si kikande. Hapo ndo pa kuwa makini na nitarudi.

Kuna na watu wanachanganya na puju kwa sababu wamesikia "yule mwenye pembe". Pembe ya puju ipo kwenye paji la uso, mbele ya macho, ni sehemu ya fuvu, hailali wala hainyanyuki. Mwiba wa kikande unalala. Pia puju ana mapezi mawili tumboni, kikande msasa hana, akiwa nacho ni kijimfupa kidogo chenye vijimwiba kwenye ncha ya tumbo.

"Nimemuona kisiwa cha Mbudya, nikajua ni bunju mdogo, mwenzangu anasema kikande"

Na mwenzio anaweza kuwa sahihi. Bunju ni yule samaki mwenye sumu anaejivimbisha akishtuka. Hili nataka nikae nalo, manake ndo jozi ngumu kuliko zote na ndo yenye hatari.

Kuna kijibunju kinaitwa Canthigaster valentini, cheupe, kina mabaka manne meusi mgongoni, mawili ya katikati yanashuka mpaka karibu na tumbo, vidoa vya kahawia ubavuni, mkia wa njano. Ana sumu, samaki wakubwa wanamjua na wanamuacha. Sasa kuna kikande msasa, Paraluteres prionurus, ambae amechukua sura hiyohiyo: mabaka manne, mawili yanashuka, vidoa, mkia wa njano, na saizi ileile, wote wanakuwa kama sentimita 10 au 11. Yeye hana hiyo sumu, anaishi kwa kufananishwa. Na wakati mwingine wanaogelea sehemu moja kabisa, kwahiyo kusema "nimewaona wengi wako pamoja lazima ni wa aina moja" haikusaidii.

Mwiba hapa unagoma kukupa msaada, kwa sababu huyu kikande mwiba wake mdogo umeunganishwa na mgongo kwa utando wa ngozi na muda mwingi umelala. Kwa mtu anaeelea juu na miwani haonekani nao. Kwahiyo achana na mwiba, tazama mapezi mawili ya nyuma, la mgongoni na la chini.

Bunju mapezi hayo ni mafupi, yamekaa nyuma kabisa, kila moja lina vijiti kama 9, ukimuona anaogelea ni vipande viwili vidogo vinapepea karibu na mkia. Kikande mapezi hayo ni marefu, kila moja lina vijiti zaidi ya 20, la juu linaanzia kama katikati ya mgongo linakwenda mpaka karibu na mkia, na la chini linalitazama la juu. Tatizo ni kwamba hayo mapezi ni meupe ya kuonyesha, yaani mwanga unapita, so kwenye picha ya simu yanapotea unabaki na mwili tu. Dawa yake ni kumpiga picha akiwa mbele ya kitu cheusi, kivuli cha jiwe au uwazi wa chini ya mwamba, usimpige akiwa mbele ya mchanga mweupe. Au mpige video ya sekunde kadhaa, alafu isogeze pole pole: utaona wimbi linapita kwenye pezi lote refu, hilo bunju hana. Dume la huyu kikande ana pia miiba iliyojikunja kwenye shina la mkia, ukibahatika kuiona basi umemaliza, bunju hana kitu hapo.

Na umbo lake ukimuona kwa mbele: bunju ni mnene, kikande amebanwa, mwembamba. Subiri akugeukie uso. Hii naipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji kamera, inahitaji utulie tu.

Ukibaki na wasiwasi kati ya hawa wawili na samaki yuko mkononi, jibu la jikoni ni moja: hesabu kwamba ni bunju. Sumu ya bunju haiishi kwa kupika, kukaanga wala kugandisha, na haina dawa ya kuifuta mwilini. Kwa saizi yake huyo hata kitoweo hafiki, mrudishe.

"Wakubwa wawili, warefu, mmoja ana michoro mwingine hana"

Hawa ni Aluterus scriptus na Aluterus monoceros. Wanakuwa wakubwa kweli, scriptus rekodi yake inafika sentimita 110, monoceros kama 76, japo wengi utakaowakuta ni wadogo kuliko hapo. Wote hawana kile kijimfupa cha tumboni wakishakua, wote mwiba mwembamba.

Akiwa fresh hakuna ubishi, scriptus ana mistari ya bluu iliyokatikakatika na madoa meusi mwili mzima, monoceros ni kijivu au kahawia bila makeke. Ubishi unakuja kwenye vitu viwili. Monoceros mdogo naye ana mabaka, watu wanamuita scriptus. Na scriptus aliyelala kwenye barafu bluu inafifia anaonekana wa kijivu, watu wanamuita monoceros. Hapo shika mkia. Scriptus mkia ni mrefu sana, na ncha yake ya mviringo. Monoceros mkia ni mfupi, umekatwa wima au umeingia ndani kidogo katikati. Lakini utandaze kwa vidole kwanza! Scriptus ana tabia ya kuukunja mkia, ukikunjwa unaonekana kitu kingine. Na kama mkia umechanika kwenye nyavu, tazama mstari wa pua kutoka mdomoni kwenda machoni: scriptus mkubwa unaingia ndani, monoceros mkubwa unatokeza nje. Usiitumie hii kwa watoto, watoto wote pua zao zinadanganya.

Kwanini ujisumbue kuwatofautisha? Kwa sababu scriptus anakula vitu vingi, vikiwemo viumbe wanaoota kwenye miamba wa jamii ya Palythoa, ambao wana sumu kali mno, na watafiti wa Japani mwaka 1969 waliikuta sumu hiyo kwenye utumbo wa scriptus. Moto hauisaidii. Kwahiyo huyu usimchezee matumbo, yatolewe bila kupasuka na yasiende kwa paka wala kwa bata. Ukimnunua pale Feri kwa wanaotengeneza samaki mwambie tu, "Kaka, huyu nitolee matumbo yote, usiniwekee kitu cha ndani." Ataelewa.

"Ana mistari ya wima nyuma, na mkiani anachoma"

Wapo wawili. Cantherhines dumerilii na Amanses scopas, wote wana mistari myembamba ya giza kama 12 ya wima, wote wana silaha upande wa nyuma, na wote ukiwaona kwa haraka ni samaki wa kahawia tu. Kwenye picha za mbali huwezi kuwatenganisha kwa mistari, usijaribu.

Sogea kwenye silaha. Dumerilii ana miiba minne kila upande wa shina la mkia, miwili juu miwili chini, imejikunja kuelekea mbele, ya dume ni mikubwa zaidi. Hiyo ipo kwenye shina lenyewe. Amanses silaha yake ipo mbele kidogo ya hapo, ubavuni kabla ya shina: dume ana kishada cha miiba mirefu imelala kuelekea nyuma, jike ana brashi ya vijinywele vigumu vimesimama vifupi. Ukipapasa dumerilii unahesabu, moja mbili tatu nne. Ukipapasa Amanses jike huhesabu kitu, ni brashi.

Mtu akikuletea Amanses dume na Amanses jike atakuapia ni spishi mbili, na ukiangalia ubavu tu utakubaliana nae. Ndo maana kabla ya kusema "tofauti" jiulize kwanza kama tofauti hiyo si ya dume na jike. Karibu kila kitu cha mkiani kwa hawa samaki, miiba, vinywele, ukubwa wake, kinategemea jinsia, na ni chanzo cha makosa mengi kuliko watu wanavyodhani.

Vya kuongezea: dumerilii mkia una njano inayoelekea machungwa na jicho lina duara la njano, Amanses mkia ni wa giza. Dumerilii anafika sentimita 38, Amanses 20 basi. Dumerilii mdogo ana vidoa vyeupe, usishangae. Na ukimkuta mwenye visu mkiani ila ni viwili tu kila upande, vimefuatana mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari wa katikati, huyo ni puju, umetoka kwenye ukoo kabisa.

"Leo ana masega ya nyuki, jana alikuwa kahawia, kesho sijui"

Huyo karibu hakika ni Cantherhines pardalis, na hayo mavazi yote ni yake: masega, kijivu chenye mawingumawingu, au kahawia tupu. Watu wanapoteza muda kwenye masega. Tafuta doa jeupe, lipo pale pezi la mgongoni linapoishia, juu ya shina la mkia, na mara nyingi kuna jingine dogo chini. Doa hilo linakuwepo kwenye hayo mavazi mengine pia. Shina la mkia halina ile miiba minne ya dumerilii, dume ana vinywele tu. Mwili haufiki sentimita 30. Akiwa amekufa doa linaweza kufifia, hapo kukosa miiba ndo ushahidi wako.

Wadogo wa kwenye matumbawe

Wa madoa ya machungwa kwenye mwili wa kijanikibluu, pua ndefu, wanatembea wawiliwawili: Oxymonacanthus longirostris. Hana wa kumchanganya nae huku kwetu. Shida inakuja ukitafuta picha mtandaoni ukakuta wa karibu yake, Oxymonacanthus halli, huyo ni wa Bahari ya Shamu, muondoe kwenye orodha. Ukimuona kwenye visiwa vya Bongoyo au Mbudya jua hapo pana matumbawe ya Acropora yaliyo hai, kwa sababu chakula chake ni hayo, na mwaka 2014 ilitangazwa kwamba anachukua mpaka harufu ya matumbawe anayokula, adui akinusa anaona tumbawe tu. Matumbawe yakifa naye anaondoka. Kule Okinawa, Japani, baada ya joto la bahari la 1998 alipotea sehemu alizokuwa akichunguzwa. Yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kiasi. Kwahiyo ukimuona muandike, tarehe na mahali, ina maana kubwa.

Mwingine mdogo ni Pervagor janthinosoma, anajificha kwenye nyufa, mkia wa machungwa na mstari mmoja mweusi wa wima juu ya tundu la matamvua. Mstari huo tu unatosha. Ukimkuta mkononi, gusa kijimfupa cha tumboni: kwa Pervagor kinachezacheza, kwa Cantherhines kimekaza.

Na ukiokota vijisamaki bapa kwenye mwani unaoelea juu ya maji, wamesimama kichwa chini, usijitese kutaja spishi. Watoto wa aina kadhaa wanaishi hivyo na alama nyingi nilizozitaja bado hazijatokea. Sema ni kikande msasa mdogo, inatosha.

Picha haisaidii

Picha nyingi zinazotumwa ni samaki kwenye beseni, kivuli cha mtu juu, mkia umekunjwa. Hata mtaalamu hawezi. Mlaze kwenye kitu cha rangi moja, ubavu wa kushoto ukitazama juu, mwagia maji, inua mwiba, tandaza mkia na mapezi kwa vidole, weka rula au hata sarafu pembeni. Alafu piga nne: mwili mzima, kichwa, shina la mkia kwa karibu, na tumbo. Ile ya shina la mkia ndo watu wanairuka na ndo inayojibu maswali mengi. Flashi izime, inang'arisha ngozi unapoteza vinywele.

"Nimemkuta ameshachunwa"

Hapa alama karibu zote zimeondoka na ngozi. Kama kichwa kipo, angalia meno. Kikande ana meno yaliyotengana, unaona moja moja. Bunju meno yameungana kuwa mabamba manne, mawili juu mawili chini, na mstari wa katikati unaonekana. Muulize na muuzaji kwa heshima tu, "Shikamoo mzee, huyu mmemchuna hapa au amekuja hivi?", manake kama kachunwa hapohapo ngozi na kichwa viko kwenye ndoo jirani, omba uvione. Kama kaja hivyo kutoka kwingine, hana kichwa, hana ngozi, na anaemuuza hajui ni nani, nunua changu au tasi siku hiyo.

Na kama mtu ameshakula, midomo na ulimi vikaanza kufa ganzi, vidole vikafuata, usimpe maziwa wala usisubiri kuona itakuwaje. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, waambie amekula samaki gani na lini, na kama kuna mabaki ya samaki yabebe kwenye mfuko uende nayo, kwa sababu hatari yake ni pumzi kukata na hospitali wanaweza kumsaidia kupumua mpaka sumu iishe.